Wembe wa babu na shingo yenye vipele: pa kuanzia kwa anayetaka kunyoa kwa wembe wa kukunja

"Shikamoo fundi. Nina miaka 24, naishi Tanga. Nimechoka na nyembe za plastiki za kutupa. Kila nikinyoa, siku ya pili shingo inajaa vipele. Rafiki yangu anasema wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, unamaliza tatizo hilo kabisa. Ndani ya sanduku la marehemu babu, aliyekuwa baharia, tumekuta mmoja umeandikwa Solingen, una madoa ya kutu. Mtandaoni nimeona mpya wa chuma cha Damaski wenye mpini wa pembe, unauzwa pamoja na brashi na bakuli, na bei yake si mbaya. Kaka anayeninyoa saluni anasema niachane na yote hayo, ninunue ule wa kuvalisha nusu kiwembe kama wake. Nichukue upi? Na vifaa gani ni vya lazima? Nakiri naogopa kujikata koo."

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na shingo yako, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengine yote. Unauliza wembe gani ununue, lakini ninavyosoma barua yako, kinachokusumbua ni vipele. Nisingependa utoe fedha ukitegemea dawa, kumbe umenunua chombo.

Rafiki yako amesema nusu ya ukweli. Wengi wetu wenye nywele za kipilipili, nywele hazitoki wima. Kinyweleo chenyewe kimepinda chini ya ngozi, na unywele hutoka ukiwa tayari umejikunja. Ukiukata, ncha yake inabaki kali. Unapokua tena una njia mbili za kukudhuru: unaweza kutoka nje, ukajikunja na kuichoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea, au, kama ulikatwa chini ya uso wa ngozi, ukatoboa ukuta wa kinyweleo kabla hata haujachungulia nje. Mwili unauona kama mwiba na kuushambulia, na uvimbe wa mapambano hayo ndio kipele chako. Hakuna "damu chafu" hapo, wala hakuna uchafu ambao ungeondoka kwa kusugua zaidi.

Wembe wa plastiki wenye makali mawili au matatu mfululizo unalichochea hilo. Kali la kwanza huushika unywele na kuuvuta, la pili huukata ukiwa umevutwa, halafu kisiki kinarudi na kuzama ndani ya ngozi. Uso unakuwa laini kama wa mtoto kwa siku moja, kisha madhara yanajitokeza. Wembe wa kali moja hauvuti namna hiyo, na hapo rafiki yako yuko sahihi. Lakini wembe wa kukunja nao una sharti lake: mkono wa pili lazima unyooshe ngozi, la sivyo makali yanakamata mkunjo na kukukata. Na ngozi iliyovutwa sana, ukiiachia, inarudi na kukizamisha kisiki vilevile. Ukiongeza na kunyoa kinyume cha ulalo wa nywele ili upate ulaini, hata wembe wa bei ya ng'ombe utakupa vipele. Nimewaona watu walionunua wembe mzuri kabisa na shingo zao zikazidi kuharibika, kwa sababu ulinyoa karibu mno.

Kwa hiyo jambo la kwanza halikugharimu kitu: iache shingo mwezi mzima bila wembe. Nywele zilizonasa zikirefuka hujichomoa zenyewe nyingi. Kama kazi yako hairuhusu ndevu, tumia mashine ya umeme, uache urefu wa milimita moja hivi, bila kuikandamiza kwenye ngozi. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, uinue kwa sindano safi na uuache hapo hapo. Usiung'oe, maana utakaoota badala yake utaanzia ndani zaidi. Vipele vikishatulia ndipo tuzungumze wembe, na utakapoanza, shingo iwe mahali pa mwisho kufika, tena kwa pito moja tu kufuata ulalo wa nywele. Ikibaki inakwaruza kidogo ukiipapasa, ndivyo inavyotakiwa iwe kwa ngozi kama yako.

Sasa nyembe zenyewe.

Kaka wa saluni hakukosea kwa upande wake. Yeye ananyoa watu wengi kwa siku, na wembe wa kukunja wa chuma kimoja hauwezi kutakaswa ipasavyo kati ya mteja na mteja kwa kuufuta na spiriti. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu usiloliona kwa macho linatosha kuvibeba. Ndiyo maana kinyozi mwenye kujali huvunja kiwembe kipya mbele ya macho yako. Saluni, dai hivyo kila mara. Nyumbani, wembe wako wa kukunja uwe wako peke yako kama mswaki. Usimwazime hata ndugu wa tumbo moja.

Ila chombo cha saluni kumpa anayejifunza, mimi sikubali. Ni chepesi, kiwembe chake ni chembamba, na pembe zake mbili ni kali kama sindano. Wembe halisi una uzito unaoutuliza mkono, na ukielekea kukosea mwinamo wake unausikia: unaanza kukwaruza, sauti inabadilika, unapata nafasi ya kusimama. Kile cha nusu kiwembe hakikuonyi, unashtukia damu. Wanaoanza nacho wengi huacha baada ya wiki mbili wakidhani mikono yao ndiyo mibaya. Faida yake ya kweli ni kwamba hakihitaji kunolewa, na kwa mtu asiye na subira ya kunoa hilo ni jambo kubwa. Lakini mtu wa namna hiyo ningempa mashine ya chuma inayobana kiwembe cha pande mbili, ile waliyoitumia baba zetu. Ina kali moja linalogusa ngozi, ina kinga, viwembe vyake vinauzwa kila duka la mtaani, na kwa vipele vyako ingekusaidia karibu sawa na wembe wa kukunja. Nakuambia hili mapema ili ukiamua kuendelea na wembe wa kukunja, uwe umeupenda wenyewe.

Huo wa Damaski wa mtandaoni, uache. Chuma cha Damaski cha kweli ni tabaka za vyuma zilizounganishwa kwa moto na nyundo, na wembe uliofuliwa vizuri kutokana nacho ni ghali sana. Wa bei rahisi, wenye mawimbi mazuri, mpini wa pembe, brashi na bakuli juu yake, mara nyingi una sura ya wembe tu. Niliwahi kuletewa mmoja na kijana aliyekuwa ameagiza kama unavyotaka kuagiza wewe. Nilipoulaza juu ya kinoo, uligusa kwenye ncha na kwenye mkia, katikati mwanga ukapita. Niliung'ang'ania siku mbili. Makali yalipopatikana hayakudumu hata upande mmoja wa shavu, maana chuma kilikuwa laini. Kijana alikuwa ameshatumia fedha ambayo ingemnunulia kinoo kizuri.

Hapo pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Wembe wa kukunja hujinoa kwa umbo lake. Ukiulaza kwenye kinoo, mgongo na makali vinagusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga mwinamo wa makali. Mkono wako hauna cha kukisia. Kwa hiyo mgongo usiponyooka, hakuna fundi atakayekuokoa. Chuma kizuri, mgongo ulionyooka, na mtu aliyeunoa mpaka mwisho: hayo ndiyo unayoyanunua. Mpini wa pembe, wa mpingo au wa plastiki hautagusa uso wako.

Na hili linanirudisha kwenye sanduku la babu. Solingen ni mji wa Ujerumani ulioishi kwa kufua visu na nyembe kwa karne nyingi, na tangu 1938 jina hilo linalindwa kisheria: haliruhusiwi kugongwa kwenye kisu au wembe usiotengenezwa huko. Wembe mpya wa kutoka huko kwa kawaida huuzwa kwa zaidi ya yuro 100. Wa baharia wa zamani, kama haukuharibika, utafanya kazi ileile. Usikimbilie kununua kabla hujautazama vizuri.

Utazame hivi, mchana, karibu na dirisha. Ufungue taratibu na usiuguse upande wa makali. Weusi na ubluu wa uzee juu ya chuma si tatizo, wala madoa mekundu karibu na mgongo. Tatizo ni vishimo vya kutu kwenye makali yenyewe, kwa sababu ukinoa ukakifikia kishimo, makali yanakatikia pale. Kisha tafuta ufa: ugonge wembe kidogo kwa kucha ukiwa umeushika mkiani, mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti ya kufa. Wenye ufa haunolewi, unatunzwa kama kumbukumbu. Tazama pia mgongo kama umeliwa upande mmoja kuliko mwingine, na kama mpini unanukia kemikali kali na kutoa vumbi au jasho. Mipini mingi ya zamani ni ya seluloidi, aina ya plastiki ya kale, na seluloidi ikioza hutoa mvuke unaoila chuma; ikiwa ndivyo, mpini ubadilishwe mara moja, hata kama unaupenda.

Kutu ya juu juu unaitoa kwa msasa laini sana wa kusugulia na maji, namba 1000 au zaidi, ukisugua kuelekea nje ya makali, kamwe si kuelekea vidole vyako. Kisha mafuta. Na tafadhali sana, usimpe yule fundi anayepita mitaani na baiskeli ya kunolea. Simdharau, visu vya jikoni na mapanga ndiyo kazi yake, na anaiweza. Lakini gurudumu linapasha joto, na makali ya wembe ni membamba mno. Yakipata joto hadi yakageuka rangi ya kahawia au bluu, ugumu wa chuma umekwisha, na haurudi kwa kunoa. Nyembe nyingi za mababu zimefia pale, kwa dakika mbili na kwa nia njema.

Iwapo wa babu ni mbovu, tafuta uliotumika au mpya wa upana wa sehemu 5 au 6 za nane za inchi, yaani milimita 16 hadi 19. Mwembamba zaidi unayumba, mpana zaidi ni mzito kuugeuza chini ya pua. Ncha iwe ya mviringo. Ncha ya mraba ni ya mkono uliokomaa, na itakutoboa sikio. Mbavu zake ziwe zimekombwa kiasi, zisiwe nene kama kabari. Muulize muuzaji swali moja tu: je, umenolewa tayari kwa kunyolea, na nani? Nyembe nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na makali ya kukatia uzi, bado hazijafika kwenye ndevu. Akisita kujibu, jibu umelipata.

Kwa sisi wa pwani, ningefikiria pia chuma kisichoshika kutu. Ni kigumu zaidi kukinoa, lakini hewa ya chumvi haikionei kirahisi. Kama ni chuma cha kawaida, kama wa babu, ukaushe kabisa kila ukimaliza, pamoja na ndani ya mpini, upake tone la mafuta ya cherehani, na usiuweke bafuni. Mafuta ya kupikia huganda na kunata.

Vifaa vya lazima ni vichache kuliko matangazo yanavyodai. Wa kwanza ni mkanda wa ngozi wa kusuguzia, nao ni muhimu kuliko brashi, bakuli na marashi yote. Watu huniuliza chuma kinashindwaje na unywele. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitazama jambo hili kwa darubini ya elektroni. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, lakini ukipinda huku unakatwa, na ukayakuta makali pale ambapo chuma kina udhaifu, unamegua kipande kidogo mno. Vipande hivyo vikijumlishana ndio ubutu. Mkanda haurudishi chuma kilichomeguka. Unanyoosha na kung'arisha kilichobaki, ili kinoo kisihitajike kwa miezi. Sugua mara 40 hadi 60, kwenda na kurudi, kila kabla ya kunyoa. Mgongo utangulie, makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo; ukiugeuza juu ya makali umekata mkanda na kuharibu makali kwa mkupuo mmoja. Fanya mazoezi wiki nzima kwa kisu butu cha kupakia siagi, juu ya mkanda wa suruali wa ngozi usio na mishono. Hata gazeti lililokunjwa na kubanwa mezani linafaa kwa kuanzia.

Kinoo usinunue sasa. Ukijifunza kunoa na kunyoa kwa wakati mmoja, ukiumia hutajua kosa liko wapi. Mara ya kwanza unolewe na mtu mwenye vinoo laini vya kumalizia, namba 8000 au 12000. Kinoo cha kawaida cha duka la vifaa vya ujenzi kitaacha makali kama msumeno. Ukirudishiwa, pitisha wembe juu ya nywele za mkono bila kugusa ngozi. Zikikatika hewani, uko tayari.

Sabuni iwe ya kunyolea, si ya mche, maana ile ya kufulia inakausha ngozi. Brashi inasaidia kuziinua nywele na kuingiza maji, lakini soma imeandikwa nini: nyingi za bei ndogo ni manyoya ya nguruwe. Kama wewe au wa nyumbani kwako ni Waislamu, chukua ya nyuzi bandia, nazo siku hizi ni nzuri na zinakauka haraka. Ukiona povu haliji na bakuli linabaki na utando mweupe, usilaumu sabuni. Maji ya visima vya pwani yana chokaa nyingi. Kinga kikombe cha maji ya mvua, utaona tofauti. Kabla ya povu, weka kitambaa cha maji ya moto usoni dakika mbili au tatu. Unywele uliokunywa maji hukatika kwa nguvu ndogo sana kuliko mkavu. Na nunua kipande cha shabu kwenye duka la dawa za asili, ukisugue kikiwa na maji mahali palipokatika, damu husimama. Spiriti baada ya kunyoa iache. Kuwaka kwake si ishara ya kupona. Inakausha ngozi uliyoikwangua sasa hivi.

Kuhusu koo, hofu yako naiheshimu na ningependa uendelee nayo kwa miezi miwili ya kwanza. Wembe butu ndio unaokata watu, kwa sababu unakulazimisha kukandamiza. Mkali unahitaji uzito wake tu. Wiki ya kwanza nyoa mashavu peke yake, kutoka usawa wa sikio kushuka, sehemu nyingine malizia kwa ulichozoea. Kati ya mgongo wa wembe na shavu acha nafasi ya unene wa mgongo mmoja au miwili. Uende mbele kama unavyokwangua. Ukiuteleza pembeni hata kidogo, kama unavyokata mkate, umejikata. Kidevu na mdomo wa juu viingie baada ya mwezi. Wembe ukikuponyoka, urudishe mkono nyuma, uache uanguke. Na siku una haraka ya basi, usiushike.

Yapo ambayo mimi kinyozi siyawezi. Vipele vikitoa usaha, vikiuma mpaka unashindwa kugeuza shingo, au ukapata homa, nenda hospitali. Vilevile kama makovu yanavimba na kuendelea kukua kuliko kidonda chenyewe, hasa kama kwenu kuna mwenye makovu ya namna hiyo, au ndevu zikinyonyoka mabaka mabaka na ngozi ikibanduka, maana huo unaweza kuwa ugonjwa wa fangasi, nao hauponi kwa kubadilisha wembe. Anzia hospitali ya rufaa ya Bombo hapo hapo Tanga. Wakiona inafaa watakupeleka hospitali ya KCMC, Moshi, wanakofundishwa madaktari wa ngozi. Usijipake krimu za dukani zenye steroidi wala mkorogo kwa ushauri wa mtu. Zinafifisha uvimbe wiki mbili na kuikondesha ngozi kwa muda mrefu. Ukiwa na kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari kabla hujashika wembe wa wazi wa aina yoyote.

Wembe wa babu mpelekee fundi mwenye vinoo laini ukiwa umekunjwa ndani ya kitambaa chenye mafuta na kufungwa uzi, usifunguke njiani. Mwambie ukweli wote: umekaa sandukuni muda gani, na kama kuna mtu ameshajaribu kuunoa. Kisha kaa pembeni utazame anavyoulaza kwenye jiwe. Akiinua mgongo wa wembe juu ya kinoo, uombe urudishiwe, ushukuru, na uondoke nao.